Udongo wa Koplo Eliamini

Tangu nirudi, kila ninapokwenda, iwe kanisani au kwenye mashine ya kusaga, naulizwa swali moja: "Mzee, kule kusini kulikuwaje?" Nimejibu vipande vipande, na vipande hivyo vimeanza kukutana njiani na kugombana. Wapo wanaosema nililiona kaburi, wapo wanaosema sikufika. Mimi nilikuwa katibu tarafa hadi nilipostaafu, na katika utumishi wangu wote sikukubali jambo moja liwe na taarifa mbili. Kwa hiyo naandika lilivyokuwa. Habari za tiketi na barua za utambulisho naziruka, hazimfai mtu.

Chanzo mnakijua. Mdogo wangu Eliamini, koplo wa jeshi, alifia Msumbiji katika miaka ya themanini. Taarifa ilitufikia kwa simu ya maandishi ya mstari mmoja: amefariki akiwa kazini, amezikwa kusini kwa heshima zote. Kusini ni kukubwa. Mama yetu aliishi na mstari huo zaidi ya miaka kumi, na mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, alipokuwa hainuki tena kitandani na macho yake yamefifia, aliniita.

"Kaniletee udongo wake," alisema. "Nikifa uwekwe ubavuni mwangu. Nimechoka kufikiri kwamba analala peke yake."

Alinipa kopo la maziwa ya unga alilolisugua kwa majivu likang'aa, akalifunga kwa kitambaa cheupe. "Usichelewe," akasema. "Mimi sina muda wa serikali."

Rufiji: Sasa hivi

Kutoka Same hadi Dar es Salaam hakuna la kusimulia. Yalianza Rufiji. Ilikuwa Februari, mto umefurika, na pale kivukoni hapakuwa na namna ya kuvuka. Magari yalipangana hadi nyuma ya vibanda vya wauza chakula. Nilimwuliza kondakta wa basi letu, kijana mnene aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, tutaondoka lini.

"Sasa hivi, mzee wangu."

Tulilala pale. Asubuhi nikamwendea tena.

"Jana ulisema sasa hivi. Sasa hivi yako ni saa ngapi?"

"Mzee, sasa hivi ni sasa hivi. Ikiwa na saa si sasa hivi tena."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda kula wali na kambare kwa mama mmoja aliyekuwa akipika chini ya turubai. Samaki yule alikuwa na ladha ya tope, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Akanijibu, naye kwa adabu, kwamba mto wenyewe ni tope, na kama nataka samaki asiye na tope nisubiri mpaka Mungu aumbe mto mwingine. Tulilala usiku wa pili. Nilimfikiria mama na ukuta anaoutazama.

Njia ya Kilwa: Kopo tupu

Tulipovuka, barabara ikatumeza. Kila baada ya mwendo mfupi basi lilizama hadi kwenye ekseli, na kondakta akapiga kelele: "Wanaume chini! Na wewe mheshimiwa mwenye tai!" Nilishuka, nikasukuma. Suti niliyoishona kwa ajili ya kuagwa kazini ilivaa tope la Kilwa mpaka kwenye kola.

Tulipokwama mara nyingine, abiria walianza kunong'ona, kisha kiti cha kando yangu kikabaki wazi. Nilistaajabu, kwa kuwa watu walikuwa wamesimama. Hatimaye kondakta alikuja, akainama.

"Mzee, samahani. Humo kwenye kitambaa cheupe mna nini?"

"Hamna kitu."

"Ndiyo maana watu wanaogopa."

"Nimekwambia kopo ni tupu!"

"Mzee wangu, mtu hatoki Upareni mpaka huku amepakata kopo tupu. Basi limekwama mara ngapi? Wanasema umekuja kumfunga mtu humo, ukishampata utarudi naye."

Niliwaka. Nilisimama, nikafungua kitambaa mbele ya wote, nikageuza kopo juu chini. Nikawaeleza kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba ninakwenda kuchukua udongo wa kaburi la askari aliyeifia nchi hii. Nilidhani wataona haya. Badala yake mzee mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Kumbe ni kweli anakwenda kumchukua mtu." Nilisafiri na kiti kitupu kando yangu hadi Lindi.

Mtwara: Jina lipo

Mtwara nililala gesti ya karibu na soko. Asubuhi nikapiga pasi suti yangu kadiri ilivyokubali, nikaenda kwenye ofisi ambayo sitaitaja, kwa sababu waliokuwemo hawakuwa waliokosea. Kijana wa masjala alinipokea kwa heshima. Alisema faili lipo ila halionekani. Kauli hiyo naijua. Nimewahi kuwaonya watumishi walio chini yangu kwa kuitumia. Hata hivyo alirudi na orodha, akapitisha kidole, akakisimamisha.

"Huyu hapa, mzee. Koplo Eliamini Yohana. Hakuzikwa kwenye makaburi makubwa. Amezikwa kule kwenye kambi ndogo ya wakati ule, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Watu wa huko wanapaita Kambi ya Zamani."

"Una hakika yuko pale?"

"Jina lipo, mzee. Jina likiwepo, mtu yupo."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Maneno hayo ndiyo niliyoyatumikia maisha yangu yote. Nilitoka nje nikaona hata jua la Mtwara ni la kirafiki.

Pikapu ya wachuuzi wa samaki

Gari la kwenda upande wa Mnazi Bay lilikuwa pikapu ya wachuuzi, imejaa matenga yatakayorudi na samaki. Niliketi juu ya gurudumu la akiba. Mbele yangu alikuwa mama wa umri wangu, mwembamba, ameshika furushi magotini. Alinisalimia kwanza.

"Habari za huko utokako, kaka'ngu?"

"Nzuri, dada. Natoka Same."

"Same ndiyo wapi?"

"Upareni. Kilimanjaro."

Akapiga kofi pajani. "Wapare! Si ninyi mnaouza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku?"

Nilimweleza kwamba hayo ni masimango, na kwamba kesi ya kuku ni ya kanuni, si ya kuku. Alicheka mpaka akashika bomba la pikapu asianguke. Jina lake Bi Somoe, mkulima wa korosho na mihogo kutoka Mpapura. Alifungua furushi akanipa vitu vyembamba, virefu, vya rangi ya udongo, vilivyochemshwa. Nilidhani ni mihogo iliyokonda kwa njaa. Nikauma na ganda lake.

"Yallah! Menya kwanza! Hiyo ming'oko, viazi vya porini, kaka'ngu, si muwa."

Nikamenya. Ilikuwa tamu, laini, kavu kidogo kooni. Nikampa yai la kuchemsha na mkate. Tukala kwa mapatano mema. Akaniuliza nina safari gani. Nikamwambia ninakwenda kuzuru kaburi la mdogo wangu, askari.

"Basi safari yetu moja," akasema, sasa hacheki. "Mimi naenda kwa mwanangu. Kila mwaka, korosho zikishauzwa, naenda. Hamisi alichukuliwa na askari awaonyeshe njia ng'ambo, awabebee na mizigo. Huko ng'ambo alikuwa na wajomba, alipajua. Hakurudi. Wakaniambia kazikwa na wenzake."

Nilimpa pole. Niliona ni bahati kumpata mwenyeji anayejua njia, na nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nayaandika haya ili mjue kwamba tulifika pale tukiwa marafiki.

Kambi ya Zamani

Pikapu iliishia kijiji cha wavuvi. Tuliendelea kwa miguu kwenye mchanga, kati ya minazi, hadi mikoko ilipoanza kuonekana upande wa mto. Bi Somoe alikuwa akiinama kila mara kuokota kauri na makombe meupe ya baharini, akiyatia kwenye pindo la kanga. Nilidhani anawaokotea wajukuu.

Kambi yenyewe haipo tena. Umebaki mlingoti usio na bendera na uwanja uliozungushiwa miti iliyochomekwa. Ndani yake kuna makaburi yenye vibamba vya saruji vilivyoandikwa majina, yamepangwa kwa safu zilizonyooka kwa namna ambayo, nikiri, iliufurahisha moyo wangu. Safu ya mbele masajenti, ya pili makoplo, kisha askari wa kawaida. Mlinzi alikuwa mzee wa Kimakonde aitwaye Nachundu, amevaa koti la mvua juani, anapalilia. Alimwamkia Bi Somoe kama mtu wa nyumbani.

Nilivua kofia, nikaanza safu ya pili, nikisoma. Lake lilikuwa la mwisho, upande wenye mkorosho. Na juu ya mkeka wake mdogo, kando ya kaburi hilo, alikwisha kuketi Bi Somoe. Alikuwa amefukiza ubani na kunyunyiza marashi, na sasa alikuwa akipanga makombe yale meupe kulizunguka, akijaza mapengo ya mwaka uliopita.

"Bi Somoe," nikasema, "samahani sana. Umekaa kwenye kaburi la mdogo wangu."

Akainua uso akitabasamu. "Mpare wewe! Umemaliza kuku, sasa unataka kesi ya kaburi?"

"Sifanyi mzaha, dada. Hapa pameandikwa Koplo Eliamini Yohana."

"Hapa ni kwa Hamisi."

"Pameandikwa, dada."

Aliutazama mwandiko ule kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ukiwa na kufuli ngeni. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Basi Hamisi ameandikwa wapi? Hebu nisomee yote."

Nilifanya kama nilivyoombwa. Nilidhani nafanya haki. Nilitembea kutoka kibamba hadi kibamba nikisoma kwa sauti, cheo na jina, naye akinifuata nyuma na kanga yake imejaa makombe. Kila nilipomaliza jina alisema, "Si yeye." Tukamaliza safu ya masajenti. Si yeye. Tukamaliza makoplo, tukaingia askari wa kawaida. Sauti yake ikawa inapungua, mwishowe ikawa ni midomo tu. Hamisi hakuwemo. Wala hangekuwemo. Hakuwa askari, alikuwa mtu wa kuonyesha njia.

Nilimgeukia mlinzi. Hasira yangu yote, ya kivukoni, ya matope, ya kopo, ilimwangukia yeye. Nilimwuliza ni kwa mamlaka ya nani amemgawia mama huyu kaburi la mtu mwingine.

Mzee Nachundu aliegemea jembe.

"Alikuwa kakaa pale langoni," akasema. "Analia. Anauliza mwanawe yuko wapi. Mimi sijui, walipozikwa sikuwepo. Kaburi hili halikuwa na mgeni hata mmoja, miaka yote. Nikamwambia, mama, huyu hapa. Ningefanyaje, mkubwa?"

"Ungesema kweli! Ungesema hapa yupo Koplo Eliamini!"

"Na yeye pia sijui kama yupo."

Nikamwambia arudie.

"Zamani ilikuwa misalaba ya miti na mbao," akasema. "Mchwa wakala. Mvua mbili tatu, yakabaki matuta. Halafu ikasemekana kuna mgeni mkubwa anakuja. Ikaja kamati, ikaja lori na hivi vibamba. Wakavipanga. Nikawaambia, jamani, wenyeji wanasema hawa walizikwa jinsi walivyoletwa, wa leo leo, wa kesho kesho. Hawakufa kwa vyeo. Mkuu wa kamati akanambia, mzee, mgeni atakagua kama gwaride. Sajenti hawezi kuwa nyuma ya koplo. Basi wakapanga kwa vyeo. Ilipendeza kweli."

"Na huyo mgeni?"

"Hakuja."

Ndugu zangu, nilikaa chini, na suti yangu, kwenye mchanga. Nilikuwa nimewahi kuongoza kamati za namna ile. Ningeletewa orodha, ningeipanga hivyo hivyo, na ningempongeza aliyenyoosha kamba. Eliamini angeweza kuwa popote katika uwanja ule. Na chini ya jina lake angeweza kuwa sajenti wa Musoma, au Hamisi mwenyewe.

Bi Somoe alisimama kati ya safu. "Kashtaki basi, Mpare," akasema, bila mzaha wowote. "Utamshtaki nani?"

Nilikuwa na kopo. Mama alikuwa akingoja udongo, si maelezo. Nilirudi kwenye kaburi lenye jina la mdogo wangu, nikapiga goti, nikafungua kifuniko. Nilipoingiza kijiko nilichokuja nacho, Bi Somoe aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwili ule.

"Usimchukue."

"Dada, huenda ni ndugu yangu."

"Na huenda ni Hamisi. Umpeleke huko milimani, kwenye baridi, kwa watu asiowajua? Akiniuliza nilikuwa wapi, nimwambie nini?"

Tulibaki hivyo, mkono wake juu ya wangu. Nachundu akageuza uso. Nilitoa kijiko. Nilitazama uwanja mzima nikaona hakuna kaburi ambalo naweza kuchota bila kumwibia mama mmoja mtoto wake. Mwishowe nilijaza kopo pale katikati, kwenye njia ya mlinzi kati ya safu mbili, mahali pekee ambapo nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu.

Kurudi Mtwara

Tulirudi na pikapu ile ile, sasa imejaa samaki. Bi Somoe aliketi upande wa pili wa matenga. Nilimpa mkate, akatikisa kichwa. Makombe aliyokuwa amebaki nayo aliyashikilia kwenye pindo njia nzima, na sikujua anayapeleka wapi.

Tulipofika stendi nilimwomba radhi. Nilimwambia nilichokisoma ndicho kilichoandikwa. Nilimwambia kwamba ukweli, hata ukiwa mchungu, ni bora.

"Ungenyamaza, kaka'ngu," akasema. "Asubuhi nilikuwa na kaburi."

Akaifunga kanga, akaenda kutafuta gari la Mpapura. Nilimtazama hadi alipopotea nyuma ya malori ya korosho. Sikumwuliza kama mwakani atakwenda tena. Sikuthubutu.

Kurudi hadi Dar es Salaam basi halikukwama popote. Kopo sasa lilikuwa zito, nami nililipakata. Hakuna aliyeniuliza lina nini.

Nyumbani

Nilimkuta mama hai. Watu wengi wamesema kwamba hiyo ilikuwa neema, na sina sababu ya kuwabishia.

Nilimwekea kopo mikononi. Alitia vidole, akausugua ule mchanga, akaunusa. "Mbona mwepesi hivi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo ardhi ya pwani.

"Kaburi lake ni safi?"

"Safi, mama. Limezungushiwa makombe meupe ya baharini."

"Nani kayaweka?"

"Mama mmoja wa huko. Huja kila mwaka. Hulipalilia na kulifukizia ubani."

Hakuna neno la uongo katika majibu hayo, nimeyapima yote. Mama alilia kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu ile simu ya maandishi. "Mungu ambariki huyo mama," akasema. "Mwambie asichoke." Nikamwahidi nitamwambia.

Alifariki kabla mvua hazijaisha. Tulimzika, na ubavuni mwake tukafukia kopo lile, kama alivyotaka. Ndipo fundi wa saruji akanijia na mwiko mkononi akaniuliza hapa padogo, juu ya kopo, paandikwe nini. Wajukuu walikuwa wamesimama pale, na mchungaji, na ninyi wengi wenu. Nilikuwa nimebeba Biblia ya mama. Tangu Mtwara nilikuwa nikitunga kichwani malalamiko dhidi ya kamati ile, aya kwa aya: kwamba ni aibu, kwamba ni dharau kwa marehemu, kuweka jina la mtu mahali ambapo hakuna anayejua kama yupo.

Nikamwambia fundi aandike Koplo Eliamini Yohana.

Malalamiko sikuyapeleka. Ningeyatia sahihi kwa mkono upi? Sasa nasikia mchungaji anataka tufanye ibada pale Siku ya Mashujaa, na watoto wa shule waje na maua. Ndiyo sababu ya kuandika haya yote, ili mtu asipige magoti pale bila kujua anapigia nini. Udongo ule ni wa njia anayopita mlinzi na jembe lake. Nililijua hilo fundi alipoandika, nikasimama pale hadi saruji ilipokauka, nikakagua kazi yake. Herufi zimenyooka. Jina lipo.